Marwa ni Nini? Upokezi wa Ismarwa ya Gidi Gidi Maji Maji na Suala la Mkarara

Makala haya yanachunguza namna wasikilizaji walivyoipokea Ismarwa, albamu ya kwanza ya Gidi Gidi Maji Maji, iliyotoka mwaka 2000. Wasanii hao wawili, Joseph Oyoo na Julius Owino, walikuwa vijana wa Nairobi waliofoka kwa Dholuo iliyochanganywa na Kiswahili, Kiingereza na Sheng, chini ya mtayarishaji Tedd Josiah. Wahakiki wa utamaduni wa umma nchini Kenya wameuchambua kwa kina wimbo wao wa mwaka 2002, Unbwogable, na makala ya Joyce Nyairo na James Ogude katika jarida la African Affairs (2005) yangali ndiyo marejeo ya kwanza kwa yeyote anayeingia uwanja huo. Hatuna ugomvi na kazi hiyo. Hata hivyo, umaarufu wa Unbwogable umeifunika albamu iliyoutangulia, na pamoja na albamu hiyo umefunika jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo ufunguo wa yote yaliyofuata: mashabiki waliipokea Ismarwa kwa mkarara wake na kuziacha beti zake mlangoni. Tofauti hiyo kati ya mkarara na ubeti haikuwa ndogo wakati huo, wala haijawa ndogo sasa.

Huenda msomaji akauliza idara ya Kiswahili inatafuta nini katika kazi iliyofokwa kwa Dholuo. Jibu letu ni kwamba mwaka 2000 wengi wa waliokuwa wakiiimba nyimbo hizo jijini, katika matatu, kumbini na katika mabweni ya vyuo, hawakuwa wasemaji wa Dholuo. Waliipokea kazi hiyo wakiwa ndani ya Kiswahili na Sheng; waliijadili, waliisifu na kuikejeli kwa Kiswahili na Sheng. Kwa hiyo, japo matini ni ya Kiluo, sehemu kubwa ya upokezi wake ni tukio la Kiswahili, na ni sisi tunaopaswa kulieleza.

Shabiki na hadhira

Istilahi zetu zenyewe zina upendeleo. Tunapozungumzia wasikilizaji wa utendi au watazamaji wa tamthilia ya Ebrahim Hussein, husema "hadhira". Tunapozungumzia wasikilizaji wa muziki wa kufoka, husema "mashabiki". Neno hili la pili katika Kiswahili cha leo limebeba dharau: ushabiki ni upenzi usiopima, wa mpira au wa siasa, na mtu akiambiwa kuwa hoja yake ni ya kishabiki huwa ameshanyang'anywa hoja. Neno "kufoka" nalo halikuja mikono mitupu. Kinachofoka ni chungu kilichojaa, au mtu aliyeghadhibika. Waliobuni istilahi "muziki wa kufoka" walikwisha kutoa hukumu yao kabla ya kusikiliza.

Hata hivyo, mapokeo yetu ya fasihi simulizi hayamtengi msikilizaji na kazi kwa namna hiyo. Ruth Finnegan (1970) na Isidore Okpewho (1992) wameonyesha kwa mapana kwamba hadhira ya fasihi simulizi ya Kiafrika ni sehemu ya utendaji. Sisi tungependa kwenda mbele kidogo na kudai kwamba yapo mapokeo, ya pwani na ya ziwani, ambamo itikio la msikilizaji ni tendo la uhakiki lenye kanuni zake.

Tuchukue taarabu. Msikilizaji huinuka kitini, akaelekea jukwaani na pesa mkononi, akamtunza mwimbaji pale hasa ubeti unapomgusa yeye au unapomchoma hasimu wake. Ukumbi mzima humtazama. Wanaolijua jambo husoma mara moja ni nani ameinuka, kwa ubeti upi, na ni nani amebaki ameketi akiangalia sakafu. Mtunzi aliandika fumbo la jumla. Mtunzaji amelipa fumbo hilo mlengwa. Hapo pana tafsiri ya matini iliyotolewa hadharani, na iliyolipiwa. Ni wahakiki wangapi miongoni mwetu wangediriki kulipia fasiri zao?

Waluo nao wana pakruok. Katika uimbaji wa nyatiti, msikilizaji humsimamisha mpigaji, akatoa fedha, kisha akajisifu, au akamsifu rafikiye, mpenziwe au ukoo wake kwa lugha ya mafumbo, na muziki ukaendelea kutoka pale ulipokatwa. Msikilizaji ameingiza kauli yake katikati ya matini, na kwa muda mfupi yeye ndiye mtunzi. Tukiongezea mapokeo ya kujibizana kwa mashairi, tangu zama za Muyaka (1776–1840) na malumbano ya Mombasa na Lamu hadi kurasa za mashairi za Taifa Leo, tutaona kwamba msomaji au msikilizaji wa jadi yetu hakuwahi kungoja idhini ya mhakiki ili aseme kazi inahusu nini.

Hans Robert Jauss aliliita lile ambalo msomaji huja nalo mbele ya kazi upeo wa matarajio, na istilahi hiyo inatufaa. Lakini Jauss alikuwa akimfikiria msomaji aliyeketi na kitabu. Upeo wa matarajio wa mtu aliyelelewa karibu na nyatiti au taarabu una sharti jingine: anatarajia kuachiwa nafasi ya kuingia.

Nini kilicho chetu?

Jina la albamu lina shina marwa, kimilikishi cha Dholuo cha nafsi ya kwanza wingi, na kwa kawaida limefasiriwa kuwa "ni yetu". Fasiri hiyo ni sahihi, ila inaficha tatizo ambalo kila mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili angeliona akitulia. Dholuo haina ngeli za nomino kama zetu. Marwa humwambia msikilizaji kwamba kinachomilikiwa ni kimoja, maana vikiwa vingi ingekuwa magwa, lakini haimwambii ni kitu gani. Kiswahili hakikubali ukimya huo. Ukitaka kusema "ni -etu" sharti kwanza uamue: ni wetu (muziki? wakati?), ni yetu (lugha? nchi?), ni letu (jiji? jina?), ni chetu, ni kwetu. Mtu anayefasiri anaposema "ni yetu" huwa amekwisha kuchagua ngeli, na pamoja na ngeli amechagua dhana. Mwandishi wa magazeti hupita hapo bila kugundua kwamba kuna njia panda.

Mashabiki hawakupita hivyo. Sisi tuliokuwa wanafunzi wa shahada ya kwanza wakati albamu hiyo ilipotoka tunakumbuka kwamba ubishi kuihusu ulikuwa, kwa hakika, ubishi juu ya ngeli. Wapo waliodai kuwa kilicho chetu ni muziki. Ieleweke kwamba baada ya mawimbi ya redio kufunguliwa katika miaka ya tisini, na Capital FM kuanza mwaka 1996, vituo vya jijini vilipiga zaidi muziki wa Marekani na Uingereza. Kijana wa Nairobi aliyesikia sauti za vijana wenziwe katika kituo kilekile kilichokuwa kikimpigia Tupac Shakur aliisikia marwa kama "muziki wetu", na "sisi" ya hapo ilikuwa Wakenya dhidi ya ng'ambo. Kwake lugha ya beti haikuwa hoja. Ingekuwa Kikamba angeifurahia vilevile, kama ambavyo Hardstone aliposhirikisha wimbo wa harusi wa Kikikuyu katika Uhiki, miaka michache kabla, alifurahiwa na wasiojua Kikikuyu.

Wasikilizaji wengine, hasa wasemaji wa Dholuo waliozaliwa au kusomea mjini, waliisikia kama "lugha yetu". Hawa walikuwa na sababu zao. Dholuo ilikuwa na muziki mkubwa wa kujivunia, tangu nyatiti na ohangla hadi benga ya D. O. Misiani, lakini katika mizani ya vijana wa jijini muziki huo uliwekwa upande wa wazee na mashambani. Poxi Presha alikuwa ameshafungua njia kwa Otonglo Time, ila yeye alisikika kama mtu mmoja wa ajabu. Ismarwa ilikuwa albamu nzima. Msichana mmoja wa darasa letu, mzaliwa wa Eastlands, alisema tangu aanze shule hakuwahi kusikia Dholuo ikisemwa kwa sauti ya juu Nairobi isipokuwa mtu alipokuwa msibani au alipokasirika. Hatujapata kusoma katika tahakiki yoyote kauli iliyoeleza kwa ufupi kiasi hicho hali ya lugha za kienyeji jijini mwishoni mwa karne iliyopita.

Wapo pia wasemaji wa Dholuo ambao hawakufurahishwa. Malalamiko yao hayakuwa kwamba vijana wamefoka. Walilalamika kwamba Dholuo yenyewe imekatwakatwa, imepakwa Kiingereza, na imewekwa kwenye mdundo usioipa nafasi ya kupumua. Lalamiko hili lisichukuliwe kuwa ukale mtupu. Ni lalamiko la kiutendaji: aliyezoea pakruok amezoea muziki unaosimama ili mtu aseme, na muziki wa kufoka hausimami. Maneno yote yamekwisha kunaswa na mashine, mfokaji hupokelewa na mwenziwe bila mwanya, na msikilizaji anabaki na mahali pamoja tu pa kuingilia, napo ni kwenye mkarara.

Mkono mmoja, mikono elfu

Hapo ndipo tunapofikia Ting' Badi Malo, wimbo uliopendwa kuliko yote katika albamu hiyo, na ambao jina lake ndilo mkarara wake. Kwa Kiswahili ni "inua mkono wako juu". Pingamizi lililotolewa na baadhi ya walimu wetu wakati ule, na ambalo tungali tunalisikia katika vikao vya idara, ni kwamba watu waliuimba bila kuuelewa, na kwamba upenzi usio na uelewa hauna thamani kwa mhakiki. Tunalikataa pingamizi hili, na tunalikataa kwa misingi ya kiisimu.

Mkarara huo ni amri. Maana ya amri hutimia kwa kutendwa. Mtu asiyejua Dholuo anaingia ukumbini, anasikia maneno matatu, anaona mikono ya walio mbele yake ikipanda, naye anainua wake. Katika tendo hilo amekwisha kufasiri: ting' ni kuinua, malo ni juu, na kilichoinuliwa anakiona kwa macho. Ni Dholuo kidogo, lakini ni Dholuo ya kweli iliyofunzwa jinsi lugha zote zinavyofunzwa kwa mara ya kwanza, yaani kwa mwili ndani ya muktadha. Hakuna mshabiki wa kigeni wa opera anayeulizwa kama anakijua Kitaliano. Kwa nini aulizwe kijana wa Kakamega?

Kuna jambo zaidi katika umbo la amri hiyo. Badi ni mkono wako wewe mmoja. Kiambishi -i kinamlenga mtu binafsi, wala si kundi. Ukumbi wa watu mia tano unaamriwa mmoja mmoja. Kiswahili cha jukwaani kwa kawaida hutumia wingi, "inueni mikono", na ukumbi huitikia kama mkutano wa hadhara unavyomwitikia mwanasiasa. Amri ya umoja hufanya kazi nyingine. Humwita kila mtu peke yake na kumfanya ajione amechaguliwa, kama yule mtunzaji wa taarabu anapoinuka, ingawa hapa wote wameinuka pamoja. Jina la albamu liko katika wingi wa nafsi ya kwanza, na wimbo wake mkuu uko katika umoja wa nafsi ya pili. Kati ya wewe na sisi, shabiki ndiye aliyevuka daraja, tena kwa mkono wake.

Tukisema hivi tunatofautiana na mtazamo wa fani na maudhui ambao sote tulifunzwa na ambao, pamoja na manufaa yake, humfanya mhakiki aanze kwa kuuliza dhamira ya kazi ni ipi, kisha fani imeisaidiaje dhamira hiyo. Kwa mtazamo huo Ting' Badi Malo ni wimbo mwepesi, kwa kuwa kuinua mkono si dhamira. Lakini wimbo uliompa mtu asiyejua lugha fulani maneno matatu ya lugha hiyo, katika mji ambamo lugha ya mtu ilitosha kumfanya ashukiwe kwa lafudhi yake, umefanya jambo ambalo riwaya zetu nyingi zenye dhamira ya umoja wa kitaifa hazijalifanya.

Beti zilizobaki nje

Hadi hapa tumewatetea mashabiki. Sasa hatuna budi kusema walichokiacha.

Tulinganishe na Kalamashaka wa Dandora, waliofoka kwa Kiswahili na Sheng katika miaka ileile. Wimbo wao Tafsiri Hii una jina linalomtaka msikilizaji afasiri, na mashabiki wao walifanya hivyo hasa: walikariri beti, wakabishana juu ya mistari, wakaandika maneno kwenye vitabu vya mazoezi. Msikilizaji wa Kalamashaka aliyejua mkarara peke yake alihesabiwa kuwa mgeni. Msikilizaji wa Ismarwa asiyekuwa Mluo, aliyejua mkarara peke yake, alihesabiwa kuwa mwenyeji kamili. Beti hazikudaiwa kwake na yeyote, wala yeye hakuzidai. Zilisikika kama ngoma ya pili, mlio wa kupendeza kati ya mkarara na mkarara.

Matokeo yake ni kwamba albamu moja ilipata hadhira mbili zilizokaa ukumbi mmoja. Moja ilisikia beti na mkarara, na nyingine ilisikia mkarara na mdundo. Zote mbili ziliinua mikono kwa wakati mmoja, na kwa aliyetazama kutoka nyuma zilionekana kuwa hadhira moja. Ni kutokana na mwonekano huo ndipo yalipozaliwa maneno yaliyorudiwa mara nyingi baadaye, kwamba muziki wa vijana umevuka ukabila. Ulivuka, lakini kwa mkarara. Ubeti haukuvuka popote.

Ushahidi ulikuja miaka miwili baadaye. Unbwogable ni neno lililojengwa kwa kitenzi cha Dholuo bwogo, kutisha, likavishwa viambishi vya Kiingereza mbele na nyuma, maana yake asiyetishika. Katika kampeni za mwaka 2002 muungano wa NARC uliuchukua wimbo huo, na ulipofika uchaguzi wa tarehe 27 Desemba nchi nzima ilikuwa ikijiita kwa neno hilo. Beti za wimbo wenyewe zina orodha ya viongozi wa Kiluo wanaotajwa kwa majina. Kutaja majina ya watu mashuhuri ili kujikweza pamoja nao ni kazi ya pakruok, na mjuzi wa nyatiti angeitambua mara moja. Lakini umati haukuhitaji majina hayo. Ulichukua neno moja la mkarara na kulijaza majina yake mwenyewe. Kwa upande mmoja hii ni pakruok kwa ukamilifu wake, kwa sababu msikilizaji amesimamisha wimbo na kuingiza anayemsifu. Kwa upande mwingine ni kufuta. Sehemu ya wimbo iliyosema "sisi" kwa maana finyu na ya kihistoria iliwekwa kando, na sehemu iliyosema "sisi" bila mipaka ikapewa kipaza sauti.

Muungano ulivunjika baada ya muda usio mrefu, na mpasuko ukadhihirika katika kura ya maoni ya Novemba 2005. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Wakenya waliuana kwa misingi ya makabila. Hatudai kwamba nyimbo husababisha au huzuia mambo kama hayo; hilo lingekuwa kuupa mkarara uzito ambao hauna. Tunachodai ni cha kihakiki. Wale walioandika kwa furaha mwaka 2003 kwamba Wakenya wameimba kwa lugha moja walisoma nusu ya matini. Upokezi wa Ismarwa mwaka 2000 ulikuwa umekwisha kuonyesha, kwa yeyote aliyetazama kwa makini, kwamba kuimba pamoja mkarara na kusikilizana ubeti ni matendo mawili tofauti, na kwamba la kwanza linaweza kutukia mwaka baada ya mwaka bila la pili kuanza.

Je, lawama ni ya mashabiki? Hapana. Albamu iliuzwa kwa kaseti, na nyingi za kaseti zilizozunguka mjini zilikuwa zimenakiliwa kiholela, hazina hata karatasi ya jalada, sembuse maneno ya nyimbo. (Katika taarabu na pakruok itikio la msikilizaji humlisha msanii. Hapa mikono iliinuka maelfu, na pesa zikabaki kwa mwenye matatu na kwa aliyenakili kaseti. Mwanahistoria wa uchumi wa sanaa ana la kuandika hapo.) Shabiki asiyejua Dholuo angezipata wapi beti? Redio haikuzifasiri. Magazeti hayakuzifasiri. Na sisi, wenye idara, wenye wanafunzi wanaotoka kila wilaya na wanaotafuta mada za tasnifu, hatukuzifasiri pia. Mwenda Ntarangwi, katika kitabu chake kuhusu hip hop ya Afrika Mashariki (2009), alionyesha kwamba maneno ya wasanii hawa yanastahili kusomwa kama hoja. Lakini kitabu hicho ni cha Kiingereza na mwandishi wake ni mwanaanthropolojia. Uhakiki wa Kiswahili umekaa kimya, na kimya hicho kina historia. Kizazi cha walimu wetu kilitumia nguvu zake katika mgogoro wa mashairi huru, kuanzia Kichomi ya Kezilahabi (1974) na kuendelea, kikibishana kama utungo usio na vina na mizani ni shairi. Ni kichekesho cha historia kwamba wakati hoja hiyo ilipokuwa ingali moto, vijana wa Dandora na Eastlands walikuwa wamerudia vina kwa wingi ambao haukuonekana tangu siku za Kaluta Amri Abedi, na hakuna upande wowote wa mgogoro uliowaona.

Toleo na tafsiri

Tunapendekeza kazi mahususi. Kwanza, beti za Ismarwa zinakiliwe kwa maandishi, kwa ridhaa ya wasanii, na msemaji wa Dholuo mwenye ujuzi wa mafumbo ya pakruok ashirikiane na mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili. Pili, tafsiri iwe ya Kiswahili, si ya Kiingereza, kwa sababu hadhira iliyokosa beti hizo ni ya Kiswahili na Sheng. Tatu, matamshi ya wafokaji yahifadhiwe yalivyo, pamoja na mahali Kiingereza kilipoingia. Anayesafisha Dholuo ya albamu hiyo ili iwapendeze wazee atakuwa ameandika albamu nyingine.

Ugumu utakuwapo. Tulipowapa wanafunzi wa uzamili jina la albamu peke yake walifasiri katika semina, saa moja haikutosha. Mmoja aliandika "Ni Yetu", na alipoulizwa ni nini iliyo yetu, akajibu nchi. Mwingine, msemaji wa Dholuo kutoka Siaya, alikataa ngeli hiyo na kudai kwamba jina lisitafsiriwe, kwa maana kila ngeli ya Kiswahili ingewatoa nje watu fulani. Wa tatu alipendekeza "Ni Kwetu", akitetea kwamba kwetu ni mahali, na kwamba mtu anaweza kukaribishwa mahali hata kama si pake. Tuliwauliza ni nani kati yao aliyewahi kusikia ubeti wa kwanza wa wimbo wowote katika albamu hiyo hadi mwisho. Aliyeinua mkono alikuwa yule wa Siaya peke yake, na akasema kwamba hata yeye, mistari miwili ilibidi ampigie nyanya yake simu.